Seli Changa za Mama

4 Februari

Mdogo wangu,

Usishangae kupata bahasha badala ya simu. Simu nimeizima, nimeitia kabatini chini ya mashuka, na wote wanaonijua nimewaambia waache kunipigia. Ikilia tu, Mama anaruka kitini. Anatafuta waya zake, anatafuta kile kiti cha kuzunguka, anasema laini zimejaa na msimamizi atamfokea. Maisha yake yote ya kazi aliunganisha simu za watu, na hayo hayajamtoka kichwani. Tuliotoka ni sisi. Wiki iliyopita alichukua mwiko akauweka sikioni, akaniuliza nataka kuongea na nani. Nikamwambia nataka kuongea na Mama. Akasema nisubiri, laini ina mtu. Nilicheka hadi nikakaa chini, halafu nikaona kwamba sicheki tena.

Asubuhi nikiwa shuleni anakaa naye fundi cherehani wa nyumba ya pili. Analeta mashine yake kwenye veranda yetu, yeye anashona, Mama anakunja vitambaa na kuvikunjua. Wanapatana sana. Mchana nikirudi ni zamu yangu, na zamu yangu ina swali moja tu: Kapteni yuko wapi? Namvua viatu, Kapteni yuko wapi. Namlisha, Kapteni ameshakula? Wewe unajua kaka yetu yuko kaburini mwaka wa kumi na mbili huu, na lile lori lake liliuzwa kama chuma chakavu. Mama anamsubiri aje kunawa mikono. Basi mimi nababaisha. Naangusha kijiko, naanzisha wimbo, namwonyesha paka dirishani. Nimezeeka nikiwakataza watoto wa watu kusema uongo, leo kila mchana uongo ndiyo kazi yangu.

Siku nzuri bado zipo. Ananishika shavu, ananiita "Mwalimu wangu". Siku kama hiyo naweza kuishi nayo wiki nzima.

Sasa tuje kwako. Mtaa mzima unajua nina mdogo wangu anayeshughulika na ubongo huko maabara, na mimi dada yako ndiye nisiyejua unafanya nini. Daktari wa hapa ananiambia ni umri, huku anatazama saa. Niambie wewe jambo la kweli, hata likiwa dogo. Na usinipige chenga kama ulivyozoea.

Dada yako


17 Februari

Dada Mwalimu,

Barua yako nimeisoma kwenye korido, nimesimama, koti la maabara likiwa bado mwilini. Nilipofika kwenye mwiko nilicheka peke yangu, msafishaji akageuka kunitazama. Nakujibu kwa mwandiko wangu mzuri kadiri ninavyouweza, maana najua utachukua kalamu nyekundu.

Kazi yangu ni kutia rangi, kutazama kwa hadubini na kuhesabu. Profesa ndiye anayeandika na kusafiri, mimi ndiye wa rangi na macho mekundu. Yanayotangulia kabla ya rangi sikuelezi, huenda unasoma ukiwa unakula.

Umetaka jambo la kweli. Zamani tuliambiwa mtu akishakua ubongo wake hauongezi kitu, unapunguza tu. Sasa inaonekana huenda sivyo. Ndani kabisa, usawa wa sikio, kuna sehemu ndogo iliyojikunja inayoitwa hipokampasi. Hapo ndipo kumbukumbu mpya zinapoanzia, na hapo seli mpya huzaliwa hata kwa mzee. Wataalamu wanabishana, wapo wanaokataa katakata. Lakini rangi yetu inashika seli changa tu na kuzifanya za kijani, na mimi nimeziona. Juzi nimeziona kwa mgonjwa wa Alzeima, ugonjwa wa kusahau, mama wa umri wa Mama. Zilikuwa chache, lakini zilikuwepo. Niliita wenzangu waje kutazama.

Jambo la pili ndilo hasa la maabara yetu. Kila seli ina jeni zote, ila si zote zinazofanya kazi. Juu ya jeni kuna alama za kemikali, nyingine zinafunga, nyingine zinafungua. Jeni yenyewe haibadiliki. Ni kama kitabu kilekile ambacho kurasa zake nyingine zimegandishwa zisisomeke. Taaluma hiyo inaitwa epijenetiki. Alama hizo zinabadilika mtu akizeeka, akiugua, akipata shida, hata akifanya mazoezi, na kwenye Alzeima zinavurugika. Halafu kuna panya. Panya waliopewa gurudumu la kukimbilia na vitu vya kuchezea walipata seli changa nyingi kuliko wale waliokaa bure.

Kwa hiyo ukiniuliza kama kuna kitu bado kinazaliwa ndani ya kichwa cha Mama, nakujibu ndiyo, inawezekana. Lala vizuri dada yangu. Mpe Mama mkono wangu.

Kitindamimba wenu


2 Machi

Mdogo wangu,

Barua yako nimeisoma, nimeirudia, mwisho nikamsomea Mama kwa sauti. Alisikiliza vizuri kisha akauliza aliyepiga ni nani. Makosa yako ya herufi yamekuwa machache, nakupongeza.

Sijalala vizuri kama ulivyoniagiza. Nimeamka mapema na kupaka ukuta wa chumba cha kulia rangi nyeusi, toka dirishani hadi mlangoni. Sasa nina ubao nyumbani. Fundi cherehani ameuliza kama tuna msiba.

Nisikilize. Kosa langu sasa naliona waziwazi. Siku zote hizi nilidhani nina mtu mzima aliyesahau, kumbe nina wanafunzi wapya. Seli iliyozaliwa jana haijasahau kitu, haijaambiwa tu. Na mimi nilikuwa naiambia nini? Paka. Nyimbo. Nimefundisha darasa la kwanza tangu wewe huvai viatu, na nakuambia mtoto ukimkosea wiki ile ya mwanzo, ukamwambia moja na moja ni tatu, utahangaika mwaka mzima kumtoa huko. Darasa la kwanza halitaki huruma za kijinga. Linataka ukweli, uleule, kila siku, kwa sauti ileile.

Kwa hiyo tunafanya hivi. Matembezi ya kuzunguka nyumba, kwa ajili ya hao panya wako. Halafu somo. Jina lako nani? Hapa ni nyumba ya nani? Ulifanya kazi gani? Hayo anayapata nusu na robo. Una watoto wangapi? Hapo ndipo penye kazi.

Alisema watatu, mkubwa anaendesha lori. Nikaandika ubaoni, nikamwambia taratibu, Mama, ni wawili, Kapteni alikufa. Akanitazama. Akaniuliza lini, na kwa nini hakuambiwa. Mdogo wangu, alilia kama ile siku. Alivua kitambaa cha kichwa, akakaa sakafuni, akamwita kwa jina lake lile la utotoni. Baada ya muda akanyamaza, akaniuliza kwa nini uso wake umelowa. Kesho yake ikawa vilevile, na keshokutwa. Nilitaka kuacha, sikufichi, nilienda jikoni nikajifungia. Kisha nikajiambia kwamba kila siku kuna seli nyingine zinazoisikia habari kwa mara ya kwanza. Zote zikishasikia, atapumzika, hatamsubiri tena.

Jambo moja. Mkimaliza hao wagonjwa wengine, mtazame na Mama kwa hiyo hadubini yenu. Sijui mnawalazaje, lakini Mama ni mpole, atatulia. Nitamleta mwenyewe.

Dada yako


19 Machi

Dada,

Nisamehe kwa kuchelewa, Profesa ana wageni na sote tunakimbizana.

Kuhusu Mama na hadubini, kwa sasa haiwezekani. Kuna taratibu zake. Tutaongea siku nyingine.

Matembezi ni mazuri sana, endelea nayo, na nyimbo ungezirudisha. Habari za Kapteni labda ungezipunguza kidogo. Panya hawakuwa wanaambiwa misiba. Ninatania, lakini si sana. Hata hivyo wewe ndiye uliye naye na wewe ndiye mwalimu, mimi wa mbali nisijitie kukufundisha kazi.

Pumzika na wewe pia.

Kitindamimba


20 Aprili

Mdogo wangu,

Amefaulu.

Nilitaka kukuandikia wiki iliyopita nikajizuia, nikasema nihakikishe kwanza, maana najua ninyi watu wa maabara hamuamini kitu cha siku moja. Sasa nina hakika. Mama haulizi tena Kapteni yuko wapi. Asubuhi haulizi, mezani haulizi, nikimvua viatu haulizi. Nikisimama ubaoni na kumuuliza ana watoto wangapi, anatazama ukuta na kujibu wawili. Halii. Anasema wawili, halafu ananitazama usoni kuona kama amepata.

Na si hilo tu. Ametulia kwa jumla. Nikiingia chumbani anakaa wima, mikono mapajani, kama wale wanafunzi wa mstari wa mbele. Chakula anamaliza bila kubishana. Hata mambo ya laini na msimamizi hayataji nikiwepo. "Mwalimu wangu" hajaniita siku nyingi, lakini hilo litakuwa somo la muhula ujao, nimeshaliandika pembeni.

Shuleni nimeomba likizo ndefu. Ilibidi. Fundi cherehani nilimkuta anamwambia Mama kwamba Kapteni ameenda kuweka mafuta. Mafuta, mdogo wangu. Mimi nimejenga miezi hii yote, yeye anabomoa huku ana sindano mdomoni. Nikamwambia ahamishe mashine yake. Akaondoka, huku akinitazama vibaya sana. Tangu siku hiyo hatusalimiani. Hali hii haifurahishi, lakini nani alisema kufundisha kunafurahisha?

Nimechoka, sikufichi. Nguo zinanipwaya. Lakini kwa mara ya kwanza tangu ugonjwa huu uingie nyumbani, naona kitu kimeingia kichwani mwa Mama na kukaa. Kama si barua yako ningekuwa bado namwonyesha paka. Nakushukuru. Njoo uone kwa macho yako, huhitaji hadubini.

Dada yako


1 Mei

Dada,

Nimepata ruhusa ya wiki moja. Nitafika katikati ya mwezi. Usinipikie mavyakula, nitakula mtakachokula. Nina hamu ya kuwaona nyote wawili.

Kitindamimba


30 Mei

Wewe,

Wiki moja uliyoisema ilikuwa siku tatu. Umesema umeitwa kazini. Simu yako haikulia, maana nilikuwa nimeitia kabatini pamoja na yangu. Sijui umeitwa na nani.

Sitaki ugomvi, nataka kuelewa. Siku ya kwanza ulikuwa mtu, ulimkumbatia Mama, ulinitania kwamba nimegeuza nyumba kuwa shule ya bweni. Mama alikuona kama fundi wa laini aliyetumwa kutoka makao makuu, nawe ukakubali, ukapekua nyuma ya kabati kama unatafuta hitilafu. Sikupenda, lakini nilinyamaza kwa kuwa wewe ni mgeni. Siku ya pili nilikwenda kuchota maji nyuma, na niliporudi nikawaona dirishani. Mama alikushika mkono wa shati. Alikuwa anakunong'oneza na anatazama mlangoni. Niliposukuma mlango akakuachia, akakaa wima. Na wewe rangi ilikuwa imekutoka.

Baada ya hapo hukula. Nilikupikia, ukawa unazungusha kijiko. Nilipoanza somo, nilitaka uone anavyojibu, nimengoja miezi kukuonyesha, wewe ukainuka katikati ukaenda nje kuvuta hewa. Ulipoaga ulinishika bega badala ya kunikumbatia.

Imeniuma. Nakuambia hivyo hivyo ilivyo. Kama Mama amekuambia kitu juu yangu, sema. Kama ni nyumba chafu, sema. Mimi si mtoto, na wewe ni mdogo wangu hata ukivaa koti jeupe.

Alikunong'oneza nini?

Dada yako


12 Juni

Dada yangu,

Barua hii nimeianza na kuichana nisijue mara ngapi. Nikaona nikiendelea kuichana nitakuwa nafanya kilekile nilichofanya Februari. Kaa chini uisome ukiwa peke yako.

Mama alinishika shati akaniuliza kama nina watoto. Nikasema sina bado. Akasema, "Basi una bahati, fundi. Ukipata usimtajie yule mwanamke wa hapa." Nikamuuliza mwanamke gani. Akasema, "Yule wa chaki. Ukimuuliza mtoto wako yuko wapi, anamuua. Wangu mimi kamuua mara nyingi. Sasa simuulizi, ndiyo maana mtoto bado yuko hai. Wewe nyamaza tu, ukimwona sema wawili." Halafu ukasukuma mlango.

Hivyo ndivyo alivyosema, sijaongeza wala kupunguza. Nilishindwa kukuambia pale kwa sababu ulikuwa umenipikia, ulikuwa umekonda, na vidole vyako vilikuwa na chaki. Nilikimbia. Hakuna aliyeniita kazini.

Sasa nikueleze yale niliyoyaacha, kwa sababu nilikuandikia nusu. Ni kweli nimeziona seli changa kwa wagonjwa. Sikukuambia kwamba zinabaki changa. Zinazaliwa chache, halafu hazikui. Alama zile nilizokueleza, zinazofunga na kufungua jeni, kwa wagonjwa tunaowachunguza tunazikuta zimefunga zile jeni ambazo zingezikuza seli hizo na kuziunganisha na nyingine. Zinakufa kabla hazijashika kazi. Hakuna wa kufundishwa pale, Dada. Hata yule mama niliyewaitia wenzangu, zake zilikuwa hivyo. Nilijua siku ile nilipokuandikia, nikaona niache, upate usingizi.

Na wagonjwa wetu hawalazwi. Wote ni marehemu. Ubongo unaletwa kwangu baada ya mtu kufa, ninaukata vipande vyembamba, ndipo natia rangi. Ulipoandika kwamba utamleta Mama na kwamba atatulia, nilitoka nje ya jengo nikakaa kwenye ngazi. Kisha nikarudi ndani nikakujibu kwamba kuna taratibu.

Utaniuliza, sasa mbona amejifunza? Amejifunza kweli, hilo hukukosea. Lakini woga unakaa sehemu nyingine ya ubongo, jirani na hiyo ya kumbukumbu, na mara nyingi inaendelea kufanya kazi hata mambo yenyewe yakishafutika. Mtu anasahau alichoambiwa, hasahau alivyoumia wala nani alikuwa amesimama mbele yake. Mama hajui kwamba Kapteni amekufa. Kila jioni jambo hilo linamfutika, kama zamani. Kilichobaki ni wewe na ubao.

Hukufanya kwa ubaya. Ulifundisha kile nilichokuambia kipo. Tafadhali acha somo. Mrudishe fundi cherehani, hata ikibidi kumpigia magoti, na nikipata ruhusa nyingine nitakuja nimpigie mimi. Niandikie hata kama ni matusi.

Mdogo wako


21 Julai

Dada,

Wiki zimepita sijapata hata mstari. Nimemuuliza karani wa barua hapa mpaka amenichoka. Nakuomba uniambie mko hai tu, mengine nitayangoja.

Mdogo wako


9 Agosti

Mdogo wangu,

Tuko hai.

Sikukuandikia kwa sababu nilikuwa nimekukasirikia kiasi cha kuogopa kalamu. Nilikukasirikia kwa kuniambia, halafu kwa kutoniambia mapema, halafu kwa kukimbia na kuniachia nyumba. Hasira ilipoisha nikabaki na yangu mwenyewe, nayo haiishi. Najirudia kumwona alivyokuwa akinitazama usoni akishasema wawili. Nilidhani anataka kujua kama amepata. Nilikuwa nampa pongezi. Nilimpigia makofi, mdogo wangu.

Ukuta nimeupaka rangi nyeupe. Ule weusi unapenya, nimepaka tena na tena na bado unaonekana ukiwa na jua. Kwa fundi cherehani nilikwenda mwenyewe. Sikupiga magoti, alinizuia mlangoni kabla sijaanza. Alisema tu kwamba alijua nitakuja na kwamba mashine yake ameipaka mafuta. Naye ndiye aliyeniambia kisa alichokuwa amekiona na kukinyamazia, kwamba Mama alikuwa akisikia viatu vyangu getini anaficha vitambaa alivyokunja na kukaa wima. Nilimuuliza mbona hakusema. Akasema, "Ungenisikiliza?"

Niliacha somo siku ileile barua yako ilipofika. Haikusaidia. Nilimletea uji akanyoosha mgongo. Nilimwimbia, akajibu wawili. Nilimuuliza kama ana baridi, wawili. Nilivua viatu nikawa natembea peku, akanijua kwa harufu ya sabuni. Nilikaa chini sakafuni nimwombe msamaha, na nilipoanza kulia aliziba masikio, nadhani alihofia kuna mtoto mwingine amekufa.

Basi fundi cherehani akanishonea shati la buluu lenye kola, kama yale waliyokuwa wakivaa kazini kwake. Nikabadili sabuni, nikafunga nywele kwa namna nyingine, nikapita mlango wa nyuma. Nikasimama mbali kidogo, nikamwambia nimetumwa, mimi ndiye wa zamu mpya. Alinichunguza toka juu hadi chini. Akaniuliza kama najua kazi. Nikasema sijui. Akafurahi, akanisogezea kiti.

Sasa ndivyo tunavyoishi. Asubuhi fundi cherehani, mchana mimi wa zamu mpya. Ananifundisha kuunganisha laini kwa kamba za viatu na vifungo vya shati. Nikikosea ananipiga kidole kwa upole. Ni mwalimu mzuri kuliko mimi, hapazi sauti. Nimemlisha bila yeye kukaa wima. Anacheka. Yule mwanamke wa chaki anamtaja mara chache, ananionya nisimkaribie, nami naahidi. Kapteni amerudi. Anamtaja kutwa nzima, anasema yuko barabarani, na mimi naitikia kwamba barabara ni ndefu.

Maabara yako endelea nayo, sina kinyongo na kazi yako. Ila usiniandikie tena habari za seli, zikue zisikue. Na usiseme ulikuwa unataka nipate usingizi. Sikuwa nimekuomba usingizi.

Sasa hili la mwisho, ndilo lililonikalisha niandike. Jana nilikuwa namchana nywele. Alikuwa ametulia, macho yamefumba. Akasema, "Nina binti mimi, ni mwalimu. Mkali, lakini moyo wake ni mzuri. Zamani alikuwa anakuja kila mchana." Nikashusha kitana. Nikamuuliza siku hizi yuko wapi. Akasema hajui, na kwamba anamkosa sana, kuliko hata huyo wa lori, kwa kuwa wa lori amezoea kusafiri. Nikamwambia, nikijikaza, kwamba kama anataka naweza kwenda kuuliza, naweza kumtafuta nikamleta hapa leo hii.

Alifumbua macho. Alinishika mkono kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo, akatazama mlangoni, kisha akanivuta hadi sikio langu likafika mdomoni mwake.

"Usimuulize, mwanangu," akaninong'oneza. "Mwache aishi."

Nikaendelea kumchana.

Dada yako